Msala wa Paka

Katika wanyama wote wanaoishi na binadamu chini ya paa moja, hapana aliyepewa uhuru mkubwa kuliko paka. Ng'ombe ana zizi lake, mbuzi ana kamba yake, na kuku ana banda lake. Paka huachiwa mlango. Hupita sebuleni wageni wakiwapo, hulala kitandani mwenyewe akiwapo, na hukaa kando ya sinia watu wakila. Uhuru huu hakuupata kwa uzuri wa macho yake wala kwa wororo wa manyoya yake. Aliupata kwa sababu mbili: hukamata panya, na huenda haja mbali na watu, akachimba, akajisitiri, akafukia. Sababu ya kwanza humpa kazi. Sababu ya pili humpa heshima. Siku anapoonekana amekojoa juu ya mkeka, au amekunya nyuma ya kabati, heshima hiyo hubomoka kwa usiku mmoja, na aliyekuwa paka wa nyumba huwa mshitakiwa.

Shitaka lenyewe huonekana dogo kwa mtu asiyeishi katika nyumba ile. Yamkini atacheka. Lakini mwenye nyumba hacheki. Harufu ya mkojo wa paka haiondoki kwa ufagio. Huingia katika ukindu wa mkeka, katika pamba ya godoro na katika nyufa za sakafu. Mgeni huinusa kabla mwenyeji hajampa kiti. Kwa Mwislamu limo jambo zito zaidi ya harufu, nalo ni tohara ya mahali pa kusalia. Na kwa paka mwenyewe limo jambo zito kuliko yote, maana hukumu iliyozoeleka kwa kosa hili ni kutiwa guniani na kwenda kutupwa mbali. Basi vilivyo mizanini ni usafi wa nyumba kwa upande mmoja, na uhai wa kiumbe kwa upande wa pili. Jambo lenye vitu hivyo viwili lastahili fikira kabla ya hukumu.

Tumbe ni mji wa wavuvi ulio kaskazini ya kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Diko lake lina sifa: vyombo hufika na samaki, mnada hufanywa, na wachuuzi huchukua mzigo kwenda nao katika miji mingine ya kisiwa. Palipo samaki hapakosi paka. Lakini urafiki wa watu wa pwani na paka haukuanza kwa samaki peke yake. Wataalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, waliochimba Tumbe katika miaka ya 2000, walikuta mabaki ya kijiji kikubwa cha karne ya 7 hadi ya 10, chenye nyumba za miti na udongo, vigae vingi vya vyungu, na dalili za kilimo cha mawele. Baadaye, katika mji wa Chwaka ulio karibu, mpunga ulishika nafasi ya mawele. Nafaka ikiwekwa ghalani huita panya. Panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini, alisafiri katika vyombo vya biashara ya Bahari ya Hindi akafika pwani hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na panya naye humwita paka.

Mapatano ya binadamu na paka ni ya kale kuliko mji wowote wa pwani. Paka wa nyumbani ni uzao wa paka-mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. Katika kisiwa cha Saiprasi lilifukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2004. Paka hakutekwa kama farasi wala hakufugwa kwa nyama kama kondoo. Alikuja mwenyewe mlangoni pa ghala, akakuta panya, akakaa. Nchi aliyotoka ni nchi kavu. Kwa sababu hiyo hunywa maji kidogo, mkojo wake ni mzito na wenye harufu kali, na nyayo zake hupenda udongo mwepesi unaochimbika. Hakuna aliyemfundisha kufukia. Alizaliwa na tabia hiyo, kama samaki azaliwavyo na mapezi.

Nyumba ya zamani ya Tumbe ilimtosha kwa tabia yake. Sakafu ilikuwa ya udongo, uwanja ulikuwa wa mchanga, nyuma ya jiko palikuwa na jaa, na mlango wa uani haukuwa na kufuli. Paka alitoka na kuingia kwa saa aliyoitaka. Watu waliishi naye miaka mingi bila ya mtu hata mmoja kujiuliza anakwenda haja wapi. Jambo linaloendelea vyema halina mwulizaji. Labda mara moja moja aliharibu majivu ya mekoni, akafukuzwa kwa mwiko, na habari ikaishia hapo.

Kisa cha nyumba moja ya mji huo kinafaa kuwa mfano. Ndani yake aliishi bibi mmoja mjane pamoja na mjukuu wake wa kiume, mwanafunzi wa skuli, na paka jike mwenye rangi ya majivu. Watoto wa bibi waliokuwa wakifanya kazi Unguja walileta fedha, nyumba ya udongo ikavunjwa, na mahali pake ikasimamishwa nyumba ya matofali ya saruji. Sakafu ilitandikwa marumaru. Ua ulizungushiwa ukuta, na ardhi yake ikamwagwa zege ili tope la masika lisiingie ndani. Mlango mpya ulikuwa wa chuma, na ulifungwa kila siku baada ya sala ya Isha. Muda wote wa ujenzi lilikuwapo fungu la mchanga kando ya ukuta, na paka alilitumia. Mafundi walipokwisha kupiga lipu, mchanga ulikwisha. Watu walisherehekea nyumba. Hapana aliyeona kwamba paka amevunjiwa choo.

Siku chache baadaye bibi aliamka kwa sala ya Alfajiri, akautandika msala wake, akahisi unyevu chini ya kiganja. Akawasha taa, akanusa, akajua. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na watu wengi wa Pemba, paka mwenyewe ni tohara, lakini mkojo wake na kinyesi chake ni najisi. Bibi aliufua msala, akauanika, akasali juu ya kanga safi. Usiku wa pili alifuliwa mto. Usiku wa tatu paka alirudi katika msala. Hapo subira ya bibi ilipungua, maana aliona kama kwamba mnyama yule amechagua kwa makusudi kitu kile kile alichokiheshimu yeye kuliko vyote.

Lugha ya Kiswahili ina jambo la kutazamwa hapa. Msala ni mkeka wa kusalia, na asili ya neno ni Kiarabu, katika jina la mahali pa sala. Lakini neno hilo hilo, kwa adabu ya Waswahili, limekuwa jina la choo: mtu asiyetaka kutaja choo mbele za watu husema anakwenda msalani. Kitu cha ibada na mahali pa haja vimepewa jina moja, na hapana msemaji anayevichanganya, kwa kuwa kila mmoja alifundishwa tangu utoto kipi ni kipi. Haja, maliwato, msalani, kujisaidia: yote haya ni maneno ambayo binadamu huyafukia juu ya jambo moja, kama paka afukiavyo mchanga. Watu na paka wameafikiana katika sitara. Tofauti yao ni kwamba mtu akikosa mahali huuliza njia, na paka hana ulimi wa kuuliza. Hutafuta kitu laini kinachokwaruzika chini ya makucha. Katika nyumba yenye marumaru na zege, vitu laini vilivyosalia ni mkeka, mto, godoro na kapu la nguo. Bibi aliona dharau. Paka alikuwa akitafuta udongo.

Majirani hawakukosa mashauri. Wa kwanza alisema paka akamatwe, pua yake isuguliwe katika mkojo wake, apate kujua kosa. Wa pili alisema apigwe kwa ufagio kila aonekanapo karibu na msala. Wa tatu alisema inyunyizwe pilipili. Wa nne, aliyekuwa mzee kuliko wote, alisema paka aliyekwisha kuonja ndani hatoki tena, na dawa yake ni gunia.

Mashauri haya hutolewa kila mahali, hutolewa kwa nia njema, na yote hayafai. Paka hawezi kuunganisha kipigo cha asubuhi na mkojo wa usiku. Anachojifunza ni kwamba mtu fulani ni wa kuogopwa. Akiogopa huacha kwenda haja mbele ya mtu huyo, lakini hawezi kuacha kwenda haja. Hutafuta mahali pa siri zaidi: chini ya kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya magunia. Kusugua pua ni kazi bure zaidi, maana harufu ile si aibu kwake. Ni alama inayomwambia kuwa mahali hapa ndipo. Mwenye kumwadhibu paka hivyo humtia woga na kumthibitishia mahali kwa wakati mmoja. Na pilipili humwumiza mnyama macho na pua, ikamwumiza na mtoto atambaaye, na choo kikawa hakijapatikana bado.

Jioni ya siku ya sita bibi alikata shauri. Akamwita mjukuu wake, na kwa utani wa mabibi wa pwani akamwita mume.

"Mume wangu, kesho ukienda skuli, mtie huyu guniani umpitishe diko. Huko kuna samaki, hatakufa."

Mtoto akasema, "Samaki wana wenyewe, bibi. Na wale mashume wa diko watamrarua."

"Basi nifanyeje? Nyumba ya kusalia imekuwa jaa."

Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bibi, choo chake kiko wapi?"

Bibi hakujibu upesi. Alitazama sebule, ukumbi, na ua wenye zege kutoka ukuta hadi ukuta. Katika nyumba ile kila mtu alijengewa mahali pake; choo cha wageni kilikuwa na mlango wake na ndoo yake. Swali la mtoto lilikuwa fupi, lakini mashauri yote manne ya majirani hayakuwa nalo.

Dawa iliyofuata haikuhitaji fedha. Beseni pana lililopasuka ukingo lilitiwa mchanga mkavu kiasi cha vidole vinne, likawekwa pembeni mwa ukumbi wa nyuma, mahali patulivu pasipopitwa sana, mbali na sahani ya chakula. Kuliweka mbali na chakula ni jambo la lazima, kwa kuwa paka hapendi kwenda haja karibu na mahali anapolia. Tabia hiyo hiyo hutumika kwa njia ya pili: sahani ya chakula ikihamishiwa mahali alipokuwa akiharibu, aghalabu hupaacha. Msala ulifuliwa kwa maji na sabuni, ukapanguswa kwa siki, ukaanikwa juani kutwa, na tangu siku hiyo ukawa unakunjwa na kutundikwa. Sakafu na mto vilisafishwa hivyo hivyo. Kazi ya usafi si ya pua ya mtu; ni ya pua ya paka, iliyo kali mara nyingi kuliko ya mtu. Mahali ambapo binadamu hanusi tena, paka bado anasoma barua yake ya jana. Dawa za kusafishia zenye amonia hazifai, maana harufu yake inakaribia ya mkojo. Na dawa ya klorini isichanganywe na mkojo wala na amonia, maana mchanganyiko huo hutoa moshi unaodhuru mapafu.

Paka alipelekwa kwenye beseni baada ya kula na baada ya kuamka, bila ya kushikwa kwa nguvu. Usiku wa kwanza alikwaruza, akanusa, akaondoka. Usiku wa pili alilitumia. Usiku wa tano mto uliharibiwa tena, na bibi akataka kurudia shauri la gunia. Lakini beseni lilipotazamwa lilionekana limejaa, kwa sababu mtoto alikuwa na mtihani na alisahau kulisafisha kwa siku tatu. Paka alikataa choo kichafu, kama mtu yeyote angalikataa. Tangu hapo uchafu ulizolewa kila asubuhi kwa kijiko cha mbao na kuzikwa mbali, na mchanga wote ukabadilishwa kila juma. Mwezi ulipokwisha, hapana aliyelizungumza tena jambo lile. Hiyo ndiyo dalili kwamba limetengenea.

Wepesi wa dawa hii usimdanganye msomaji. Si kila paka anayeharibu ndani amekosa mchanga. Wapo walio wagonjwa. Paka mwenye uvimbe wa kibofu huona maumivu akikojoa. Huyahusisha maumivu na mahali, akapakimbia, akajaribu pengine, tena na tena, tone baada ya tone. Paka dume hupatwa na jambo la hatari zaidi: njia ya mkojo huzibwa, akawa anachuchumaa na kujikaza bila ya kutoa kitu. Huyo asipotibiwa hufa kwa siku chache, na mwenye kumpiga kwa kuchuchumaa sebuleni anampiga mgonjwa aliye katika sakarati. Paka mzee naye figo zake hudhoofika, akanywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Kwa hao mchanga hautoshi; anayehitajiwa ni daktari wa mifugo. Basi mtu na atazame kwanza: Je, paka anakojoa mara nyingi kuliko desturi? Analia akikojoa? Pana damu? Anajiramba bila ya kukoma? Macho ya mwenye nyumba ndiyo dawa ya kwanza.

Wapo pia wasiokwenda haja kabisa bali wanaoandika mipaka. Dume aliyekomaa husimama, akainua mkia ukatetemeka, akarusha mkojo kidogo ukutani au mlangoni. Huyu hajakosa choo. Anatangaza milki yake mbele ya madume wengine, na pengine sababu ni shume anayezunguka nje ya dirisha kila usiku. Mkojo wa dume asiyehasiwa ndio wenye harufu kali kuliko wote. Dume akihasiwa na daktari, aghalabu huacha. Jike naye hufanya hivyo akiwa katika joto lake. Na wapo wanaoharibu kwa woga: ameletwa mbwa, amezaliwa mtoto, wamekuja wageni wengi wa arusi, au paka wawili wamelazimishwa kutumia beseni moja na mmoja anamvizia mwenzake njiani. Sababu ni nyingi, walakini zote zina shina moja. Paka hakojoi mkekani kwa kulipiza kisasi. Kisasi ni tabia ya mwenye kuhesabu matusi. Paka hahesabu matusi, huhesabu mahali, harufu na hatari.

Kwa habari ya mchanga, dunia ilikwenda njia ndefu ili ifike ilipo Tumbe. Katika nchi za baridi watu walikuwa wakiwatilia paka wao mchanga, majivu au unga wa mbao. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan, Marekani, jirani mmoja alimwendea Edward Lowe kuomba mchanga wa paka wake, kwa kuwa wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Lowe alimpa udongo mkavu wa mfinyanzi uliouzwa kwa kunyonya mafuta viwandani. Ulifaa kuliko mchanga, akautia katika mifuko, na biashara kubwa ikazaliwa. Tangu hapo paka wengi wa Marekani na Ulaya wameweza kuishi ndani maisha yao yote bila ya kukanyaga ardhi. Mtu wa Tumbe hahitaji kununua mfuko huo. Kinachohitajiwa ni kukumbuka, wakati wa kumwaga zege, kwamba wamo katika nyumba wakaao bila ya sauti.

Afya ya watu nayo ina haki yake, na haki hiyo haipingani na huruma. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kijidudu kiitwacho toksoplasma, kilichojulikana mara ya kwanza mwaka 1908 kwa utafiti wa Charles Nicolle na Louis Manceaux mjini Tunis. Mama mjamzito akiambukizwa, mtoto aliye tumboni huweza kudhurika. Lakini kijidudu hicho hakiambukizi siku ile ile kinapotoka. Huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na nguvu. Kwa hiyo beseni linalosafishwa kila siku, na mtu asiye mjamzito, kisha mikono ikaoshwa kwa sabuni, lina hatari ndogo kuliko mchanga wa uwanjani unaochezewa na watoto na kutumiwa na kila paka wa mtaa. Choo kinachojulikana ni salama kuliko choo kisichojulikana. Kanuni hii ni ya paka, na ni ya wanadamu vile vile.

Mapokeo ya Kiislamu, ambayo watu wa Tumbe huyasikia tangu wakiwa chuoni, yana habari tatu zinazoliangaza jambo hili. Ya kwanza ni ya Abu Qatada, sahaba aliyewekewa maji ya kutawadhia, akaja paka, naye akamwinamishia chombo anywe. Alipoona anatazamwa kwa mshangao, alieleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wazungukao watu majumbani. Ya pili ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, asimlishe wala asimwache atafute chakula chake. Ya tatu haimhusu paka; ni ya bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walitaka kumzuia, Mtume akawaambia wamwache amalize, kisha ndoo ya maji ikamwagwa mahali pale. Katika habari hii ya tatu usafi haukupuuzwa, maana maji yalimwagwa. Wala mkosaji hakuumizwa, maana aliachwa. Najisi iliondolewa kwa maji. Haikuondolewa kwa kumwondoa bedui.

Habari ya pili ina fundisho linalopita chakula. Mwenye kumfungia kiumbe ndani huchukua juu ya shingo yake haja zote za kiumbe yule. Paka asiyefungiwa hujitafutia. Paka aliyefungiwa nyuma ya mlango wa chuma hana wa kumtafutia ila aliyeshika ufunguo. Mtu husema kwa urahisi, "Nampa chakula, nampa maji, ana nini tena?" Ana haja ya tatu, inayofuata hizo mbili kwa lazima. Kumlisha kiumbe na kumnyima mahali pa kwenda haja ni kama kumwalika mgeni akala akashiba, kisha akaambiwa nyumba hii haina msala.

Yafaa hapa kumkumbuka na kikojozi. Mtoto anayekojoa kitandani alitaniwa zamani, na pengine bado anataniwa, akaaibishwa mbele ya wenzake kwa kudhaniwa kuwa aibu itakausha godoro. Haikulikausha. Usingizi mzito, kibofu kichanga, hofu ya nyumbani au ya skuli, maradhi: hizo ndizo sababu, na hapana hata moja inayoponywa kwa kicheko. Kadhalika watu wazima wa ufukweni hulaumiwa kwa kwenda haja pwani, na lawama hiyo huwa na haki pale tu mlaumu alipokwisha kuuliza kama nyumba zao zina vyoo. Katika mambo haya yote hukumu ni nyepesi na swali ni zito, na kwa sababu hiyo watu hukimbilia hukumu. Katazo lisilofuatana na mahali halisafishi kitu. Huhamisha uchafu kutoka mahali panapoonekana kwenda mahali pasipoonekana.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama ndege waingwavyo katika mpunga unapokaribia kuiva. Ndege wa shambani huingwa kwa kuwa ni mgeni na mharibifu. Anayo miti na anga ya kurudia. Paka wa nyumba akiingwa hana pa kurudia, kwa kuwa alipofukuzwa ndipo kwao. Methali hii hutumiwa sana kwa watu: jamaa, mtumishi wa siku nyingi, mtoto aliyelelewa, hawafukuzwi kwa kosa moja. Lakini haikusema kwamba paka wa nyumba haonywi, wala haikusema nyumba ikae na harufu. Ilikataza jambo moja tu, kumtoa nje aliye wa ndani; na mwenye kukatazwa kutoa nje hulazimika kutengeneza ndani. Humo mna kazi: kuzoa kila asubuhi, kufua, kuanika, kutazama, kumpeleka mgonjwa kwa daktari. Gunia halina kazi hizo, na ndiyo maana lina wapenzi wengi.

Nyumba za saruji zinaongezeka katika Pemba, na ni heri ziongezeke, kwa maana zinawakinga watu na mvua na moto. Kila nyumba mpya hubadilisha desturi za wakaao ndani yake, wakubwa kwa wadogo, wenye kusema na wasiosema. Mwenye kujenga huhesabu vyumba, milango na madirisha. Akihesabu pia beseni moja la mchanga pembeni mwa ukumbi, gharama yake haitaongezeka hata kwa senti, na msala wake utakaa safi.